Daftari la kikundi: Ile namba ndefu ni saa ngapi?



Wiki hii tunawaletea habari iliyotaka kutuvunjia kikundi. Ilitokea mwaka 2023. Mchango wetu ulipaswa kufika kabla ya Jumanne, tarehe 14 Novemba, kuisha. Mama mmoja kati yetu, muuza ndagala, alingoja feza ya wateja wake hadi usiku, kisha akatuma mchango kwa simu. Siku ya mkutano, karatasi iliyotolewa kwenye kompyuta ilionyesha kwamba alilipa Jumatano, saa 00:30. Kwa sheria yetu, aliyechelewa analipa faini na hapewi mkopo mzunguko huo. Naye alikuwa anangoja mkopo huo kwa ajili ya karo ya watoto. Aliapa kwamba alituma Jumanne. Ujumbe wa simu alikuwa ameufuta, kwa kuwa simu ilijaa. Wengine walianza kunong'ona kwamba anadanganya.

Karani wetu akaomba tumvumilie, afungue faili lenyewe ambamo karatasi ile ilitoka. Mahali pa tarehe tukakuta namba hii: 1699997400. Wengi tulidhani ni namba ya simu.

Ile ni saa, ila imeandikwa kwa namna ya mashine. Kompyuta nyingi hazitunzi "Jumanne jioni". Zinahesabu sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku, kwa saa ya dunia inayofuata Greenwich, Uingereza. Siku moja ina sekunde 86400. Kwa hiyo ukigawa namba ile kwa 86400, unapata siku zilizopita tangu 1970.

Mwenye jedwali la hesabu kwenye kompyuta au simu afanye hivi. Kama namba iko katika chumba A2, aandike katika chumba kingine:

=A2/86400+25569+2/24

Kisha achague chumba hicho kionyeshe tarehe na saa. Ile 25569 inaongezwa kwa sababu jedwali linaanza kuhesabu siku zake karibu na mwanzo wa mwaka 1900, si 1970. Ile 2/24 ni masaa mawili ya kwetu: Uvira tuko mbele ya saa ya Greenwich kwa masaa mawili. Kama namba ina tarakimu 13 badala ya 10, mashine ilihesabu kwa vipande vya elfu vya sekunde. Hapo weka 86400000 badala ya 86400.

Tulipofanya hivyo, jedwali likatuambia: 14 Novemba 2023, saa 23:30. Jumanne! Mama yule alisema kweli.

Basi ile Jumatano ilitoka wapi? Kompyuta iliyotoa karatasi ilinunuliwa Kigoma, na saa yake ilikuwa bado ya Tanzania. Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Programu ilisoma namba ileile, ikaigeuza kwa saa ya Kigoma, na ikavuka usiku wa manane. Sekunde hazikukosea. Tulisahau tu kuuliza ni saa ya wapi. Hata ndani ya nchi yetu ni hivyo: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Bujumbura tunalingana nayo, na hata hivyo saa ya simu inaweza kuwa imewekwa vibaya.

Kuna mtego mwingine, wa kwetu wenyewe. Mashine inaandika 23:30, sisi tunasema saa tano na nusu ya usiku. Kuanzia saa 7 hadi 18, toa sita: 14:00 ni saa nane ya mchana. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane. Kuanzia 0 hadi 6, ongeza sita: 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku. Na tukisema "usiku wa kuamkia Jumatano", tusimame kidogo tuulize: kabla ya saa sita, au baada yake? Hapo ndipo faini inapokaa.

Kwa vikundi vyote tunashauri hivi. Kwanza, sheria iandikwe wazi: "kabla ya saa sita ya usiku, saa ya Uvira." Pili, karani atunze faili lenye namba zenyewe, asibaki na karatasi tu. Tatu, mbele ya kila mkutano, aangalie saa ya kompyuta yake akiilinganisha na simu za mama wawili watatu. Nne, kila mama aandike ujumbe wa malipo katika daftari lake kabla ya kuufuta.

Mama yule alipata mkopo wake, na watoto walibaki shuleni. Sisi tuliomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa tulimshitaki mbele ya wote. Kabla ya kumtoza mwenzako faini, rudi kwenye namba, kisha uliza ni saa ya wapi.

Tuonane wiki ijayo.