Riwaya Zetu Zinajua Kuua, Hazijui Kutorosha

Kila mwaka, mtihani wa taifa ukikaribia, wanafunzi wangu huweka riwaya pembeni na kununua vitini. Vinauzwa kwenye vibanda vya kutoa fotokopi, vimebanwa pini mbili ubavuni, wino umefifia kwa sababu ni fotokopi ya fotokopi. Humo ndani kila mhusika ana mistari yake: nafasi, tabia, uhusiano wake na wengine, ujumbe. Peter na Zita wa Emmanuel Mbogo, wale watoto wa Mama Ntilie waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare wakaishia kuchokoa jalala la Dar es Salaam, wamesindikwa kwenye aya moja. Na akitokea msichana aliyeondoka kwao, katika kitabu chochote kile, kitini kinamwandikia methali ileile: tamaa mbele, mauti nyuma.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mwanza, na methali hiyo nimekutana nayo kwenye madaftari mpaka naiota. Ningependa kugombana na waandishi wa vitini. Bahati mbaya hawakubuni kitu. Wamesoma riwaya zetu wakaziona zilivyo: msichana anayekimbia maisha magumu, mwandishi humfikisha kaburini, na akimhurumia sana humpitisha danguroni kwanza.

Tuanze na Rosa Mistika, maana hatuwezi kumkwepa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka hapa nilipo, na huko ndiko alikomweka Rosa. Riwaya ilitoka mwaka 1971. Zakaria, baba mlevi, anamcharaza binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na binti anakua akiwaogopa wanaume bila kuwafahamu. Anapofika shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu Morogoro, uhuru unamkuta hajafundishwa lolote la kufanya nao. Mwisho anajiua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni, miaka ikapita, kikaruhusiwa, kikawa cha kutahiniwa.

Wengi husema marufuku ile ilitokana na ngono. Mimi nadhani Zakaria ndiye aliyewatisha wakubwa. Mwishoni kabisa kesi ya baba na binti inafikishwa mbele ya Mungu, na wazazi wa wakati ule hawakuzoea kuona mmoja wao kizimbani, tena ameshtakiwa na mtoto wa kike.

Kwa hiyo simlaumu Kezilahabi. Alikuwa hajatimiza miaka 30, na kifo cha Rosa kwake kilikuwa hati ya mashtaka. Tatizo ni kwamba msichana wa miaka 15 anayekisoma kitabu kile usiku, kwa tochi ya simu, hana haja na mashtaka. Anatafuta njia. Anataka kujua ni nani aliyewahi kupita pale alipokwama yeye, na alipitaje.

Hapo ndipo fasihi yetu inapomwangusha, na inamwangusha kwa kuchagua. Mvulana akitoroka, mwandishi humpa ramani. Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, anamtoa kijana Kongowea Tanga na kumpeleka mpaka Kitale kumtafuta baba yake. Anateseka, analala njaa, anadharauliwa, lakini barabara ipo, miji ina majina, na msomaji anaweza kumfuata kituo kwa kituo. Adam Shafi, katika Mbali na Nyumbani, anatusimulia ujana wake mwenyewe: kaondoka Unguja na ndoto ya kufika Ulaya, kapita Kenya, Uganda, Sudan. Kitabu kizima ni nauli, malazi na nani wa kuaminiwa. Wavulana wangu darasani wanakipenda kwa sababu hiyohiyo. Wanakisoma kama watu wanaopanga safari.

Wasichana wamepewa nini? Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed anatoka kwenye nyumba ambayo baba ameigeuza gereza, na mwandishi anampeleka moja kwa moja kwenye pombe na danguro. Hafi, nashukuru. Lakini kati ya mlango wa nyumba ya baba na mlango wa danguro hakuna mahali pengine popote ambapo binti angeweza kugonga.

Aliyewahi kuwajengea mlango wa namna hiyo, kwa maoni yangu, ni Adam Shafi huyohuyo katika Vuta N'kuvute. Yasmin anaozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, mtu anayelingana na baba yake. Anakimbia. Jamaa zake hawamtaki. Anakwenda mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwa Mwajuma, mwanamke maskini mwenye furaha zake, ambaye anampokea bila kumfanyia kikao. Wachambuzi hushughulika na Denge mpigania uhuru na siasa za ukoloni, nao wana haki, na Amil Shivji alipoitengeneza filamu mwaka 2021 siasa zile zilipendeza kwenye kioo. Wanafunzi wangu wa kike wa kidato cha sita huniuliza habari za Mwajuma. Alikuwa anakula nini? Kodi alilipaje? Watu wa mtaani walisemaje alipoingiza mgeni? Maswali hayo hayamo kwenye kitini chochote, na hakuna mtahini atakayeyauliza.

Akina Mwajuma wa kweli nawafahamu. Kuna mama ninayenunua kwake dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alitoka mkoani Mara akiwa na miaka 14, mwezi wa Desemba, shule zimefungwa na ngariba ameshaitwa. Siku moja mteja alipokuwa akimpunja ndoo, akaanza kunisimulia mambo yake kama mtu anayezungumzia bei. Asubuhi ile alivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na sketi ya shule chini yake, kwa sababu mtoto akitoka nyumbani na begi anaulizwa anakwenda wapi, ila mtoto mnene kidogo haulizwi. Namba ya simu ya mwalimu wake aliiandika kwa peni ndani ya pindo la sketi. Nauli ilikuwa jogoo wa bibi yake, aliyemuuza mnadani kwa bei ya hasara, maana hakuwa na muda wa kubishana. Kondakta alipomuuliza anakwenda kwa nani, akasema shangazi amejifungua na hana wa kumsaidia. Hakuna anayemshusha njiani binti anayekwenda kufua nepi.

Nikamuuliza kama alipata kusoma Rosa Mistika. Alisoma, alifika kidato cha nne. "Mwalimu, mimi yule Rosa nilimshangaa," akasema. "Shule nzima, kijiji kizima, alikosa hata mtu mmoja wa kumwambia?" Kisha akageukia mteja mwingine.

Mkoa ule una nyumba salama zinazopokea mabinti kama yeye kila msimu wa ukeketaji. Ipo Masanga, Tarime. Ipo Mugumu, Serengeti, iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly. Wazungu wamekuja na kamera zao, wakaondoka na filamu nzuri. Kenya wana riwaya ya ole Kulet, Blossoms of the Savannah, ya mabinti wa Kimaasai wanaokimbia kisu na ndoa, na iliwahi kutahiniwa sekondari. Ni kitabu cha Kiingereza. Cha Kiswahili, kilichoandikwa kwa ajili ya binti wa miaka 14, kinachomchukua kutoka jikoni kwao mpaka kwenye lango la nyumba salama bila kuruka hatua hata moja, sijawahi kukiona dukani wala kwenye kabati la shule yoyote niliyofundisha.

Halafu tunasema watoto hawasomi. Wanasoma sana. Simu zao zimejaa machombezo, hadithi za vipande vipande zenye "itaendelea" mahali pabaya kabisa, na wanachangishana bando ili wapate sehemu ya kumi na nne. Nimezipitia baadhi, kazi inanilazimu. Zimejaa mabinti waliotoroka nyumbani. Zote zina mwanaume mwenye gari.

Hili ndilo ninalowajibu wazazi wanaokuja ofisini na kitabu kilichofungwa kwenye gazeti kama kitu cha magendo. Mama mmoja aliniwekea Vuta N'kuvute mezani, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. "Mwalimu, hivi na wewe ni mzazi kweli?" Nikamwambia ndiyo, nina wawili. Nikamwomba anioneshe ni wapi Yasmin alipofanya kosa. Akafikiri. Akasema kosa ni la waliomwoza. Basi tukawa tumekubaliana, ingawa kitabu hakumrudishia mtoto.

Wizara ya Elimu nayo ina wasiwasi wake. Februari 2023 ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, na kimojawapo kilikuwa Diary of a Wimpy Kid, vituko vya mtoto wa Kimarekani anayeonewa na kaka yake. Sitabishana na orodha ile hapa. Nasema tu kwamba ugumu wa maisha haukuletwa na vitabu. Mwaka uleule wa 1971 aliozaliwa Rosa ndipo ilipopitishwa Sheria ya Ndoa iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukazia uamuzi huo. Wanafunzi wangu huitambua Sheria ya Ndoa haraka kuliko wanavyolitambua neno "dhamira".

Kwenye rundo la vitabu vya mitumba niliwahi kuokota The Outsiders ya S. E. Hinton, msichana wa Tulsa, Oklahoma, aliyeanza kuiandika angali mwanafunzi. Ikatoka mwaka 1967. Wavulana wawili wanakimbia baada ya mauaji, wanadandia treni ya mizigo, wanajificha kwenye kanisa lililotelekezwa. Nilichokipenda ni kile kikapu cha mahitaji: Johnny anakwenda dukani na kurudi na mkate, soseji ya bei nafuu ya kula wiki nzima, dawa ya kubadilisha rangi ya nywele na kitabu cha kupoteza muda. Johnny baadaye anafariki, kwa hiyo sidai kwamba riwaya za vijana zisiwe na misiba. Nadai kile kikapu. Mwandishi anayejua mtoro anakula nini siku ya tatu amemheshimu mtoro. Mwandishi anayeruka kutoka kipigo cha baba mpaka kitanda cha mlevi ameshaamua hukumu kabla ya safari.

Wachapishaji wataniambia soko ni orodha ya vitabu teule, na nje ya orodha hakuna mnunuzi. Ni kweli, na mimi mwenyewe hununua vitabu vya orodha kwanza. Lakini tazameni tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina riwaya, na ina hadithi za watoto. Kati ya mtoto anayesomewa habari za sungura na mtu mzima anayesoma riwaya za Chachage kuna watu wa miaka 13 hadi 17, na hao hawana kipengele. Tuzo ya Burt iliwafikiria, ikatoa vitabu vya vijana hapa Tanzania kwa miaka kadhaa, vyote kwa Kiingereza. Kuongeza kipengele cha riwaya ya vijana kwa Kiswahili kutaigharimu serikali kiasi kisichozidi posho za warsha moja, na wanaoandaa warsha wananielewa.

Wakati tukisubiri, nimeacha kuuliza darasani Rosa anatufundisha nini. Muhula uliopita niliwapa kazi nyingine: usiku ule Zakaria anapompiga, mtoeni Namagondo. Andikeni anapita wapi, anakwenda kwa nani, anakula nini, na fedha inatoka wapi. Walikuwa watu arobaini na kitu na nakala sita za riwaya, na zote sita zikafunguliwa, jambo ambalo hata kitini kimoja hakijawahi kulisababisha. Ikabidi watafute nani kijijini anampenda Rosa na nani anaogopa Zakaria. Wavulana walimpakia kwenye kivuko wakagombana kuhusu nauli. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma alimfikisha Geita kwa shangazi, akakaa chini ameridhika. Kelele zikaanza kabla sijasema neno. Shangazi gani? Dada yake Zakaria? Huyo ndiye wa kwanza kutuma mtu kisiwani! Kengele ililia Rosa akiwa bado hajapata pa kulala, na wakatoka wakibishana kama mwalimu wa kike wa shule ya jirani anaweza kumficha hadi Ijumaa.