Andazi la bibi

Mzazi mwenzangu, kule Hamtramck, mji mdogo jirani na Detroit, Marekani, Jumanne ya mkesha wa Jumatano ya Majivu watu hupanga foleni alfajiri, baridi ikiwatafuna. Wanangoja pączki, maandazi manono ya Kipolandi yenye jamu ndani. Zamani kina bibi waliyakaanga ili kumaliza mafuta, mayai na sukari kabla ya Kwaresima. Nyumbani Poland siku yake ni Alhamisi iliyotangulia. Ughaibuni ikahamia Jumanne. Wajukuu wengi Kipolandi kimewapotea, ila foleni hawaikosi.

Wanangu nao kilugha changu hawakijui. Jumamosi nimewaita jikoni tukande unga. Mdogo kauliza kama simu inaruhusiwa.