Mtafiti naye ana kodi ya nyumba
SAFU YA JUMAPILI na Mwanaidi Shehe

Matangazo ya nafasi za uzamivu Sweden yana kipengele ambacho vijana wetu wa fizikia hukisoma mara mbili: mshahara. Ukichukuliwa Chuo Kikuu cha Uppsala kutafiti seli za jua za tando nyembamba, kwa kawaida unaajiriwa. Una mkataba, likizo ya malipo na michango ya pensheni. Ni miaka minne ya utafiti, na ukipangiwa kufundisha, muda unaongezwa.

Kwetu Tanzania mwanafunzi wa uzamivu ni mwanafunzi. Ada inadaiwa, alipe yeye au mfadhili wake.

Wapo watakaosema mshahara huo ni anasa ya wenye nacho. Basi waitazame kazi yenyewe. Seli hizo ni miongoni mwa vifaa vya optoelektroniki, vinavyogeuza mwanga kuwa umeme au umeme kuwa mwanga. Chukua seli ya perovskaiti. Kipande cha kioo kinazungushwa maelfu ya mara kwa dakika huku kikidondoshewa kimiminika, kisha kinalazwa kwenye bamba la moto la nyuzi kama 100. Utando wa manjano unageuka kahawia iliyokolea machoni pako. Unene wake ni kama nusu ya elfu moja ya milimita. Unywele ni mnene kuliko huo zaidi ya mara mia. Unyevu unauharibu, ndiyo maana mara nyingi kazi hufanywa ndani ya sanduku lililojazwa naitrojeni, mikono ikiwa kwenye glavu nzito. Ukikosea, unaanza upya kesho. Na keshokutwa tena.

Mwaka 2009 timu ya Tsutomu Miyasaka huko Japani ilitangaza seli ya aina hiyo iliyogeuza asilimia 3.8 tu ya nguvu ya mwanga kuwa umeme. Leo zile za maabara zimepita asilimia 25. Walioshinda kwenye masanduku hayo, mwaka baada ya mwaka, wengi wao ni vijana wa uzamivu.

Sina ugomvi na Wasweden. Kupitia programu ya sayansi ya kimataifa ya Uppsala wameisaidia fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kwa miaka mingi, tena kwa mtindo ninaoupenda: kijana anakwenda kupima sampuli kwao kwa miezi kadhaa, halafu anarudi kwenye maabara ya nyumbani. Tatizo ni akisharudi. Posho ikikatika, anatafuta tuisheni za jioni. Chemba ya utupu nayo huchukua saa kadhaa kufyonzwa hewa, na haimsubiri mtu anayewahi kipindi cha saa kumi Kariakoo.

Najua jibu litakalokuja: serikali haina fedha. Lakini Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ipo, na mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia upo. Bajeti za miradi yetu zinajua sana kulipia chai ya warsha (na ukumbi, na mabango). Hazishindwi kumlipa kijana mmoja kwa miaka minne.

Mlimani watoe tangazo moja tu la majaribio: ajira ya miaka minne, mshahara wa mhadhiri msaidizi, bima ya afya, kituo cha kazi maabara ya tando nyembamba. Foleni ya waombaji itafika Ubungo.