Mavazi ya Kijana Anayeanza Kazi

Kijana mmoja wa upande wa Murang'a alipata barua ya kuitwa kazini katika afisi moja ya Nairobi, kazi ya ukarani. Baba yake ni mkulima wa chai, naye alikuwa amekwisha kupokea bonasi yake ya mwezi wa Oktoba. Katika fedha hizo alitoa shilingi 6,000, akamkabidhi mwanawe ili apate nguo za kuendea kazini. Hazikuwa fedha chache katika nyumba ile, maana binti mdogo alikuwa bado shuleni na karo ya muhula ilikuwa haijatimia. Mzee alisema maneno machache tu, kwamba hatakuwa na nyingine za kumpa mpaka mshahara wa kwanza upatikane.

Kijana alipofika Nairobi akaingia katika duka la kwanza aliloona sanamu zilizovikwa nguo dirishani. Akatoka na suti moja ya buluu yenye kung'aa, na viatu vyeusi vyenye ncha kali, na mfuko mtupu. Hakubakiwa hata na bei ya soksi. Siku ya tatu ya kazi mvua kubwa ilinyesha, soli ya kiatu cha kulia ikabanduka, na yule karani mpya akarudi nyumbani kiatu kimefungwa kwa kamba. Shati alikuwa nalo moja, nalo alilifua kila usiku na kulivaa asubuhi lingali na unyevu shingoni.

Jumamosi alikwenda kumwamkia baba yake mdogo, mzee aliyestaafu baada ya kuandika katika afisi za Serikali miaka mingi. Mzee akamtazama toka kichwani hata miguuni.

"Mwanangu, koti hili ni la nani?"

"Ni langu, Baba mdogo. Nimelinunua juma lililopita."

"La. Hili ni la mtu mwingine, mwenye mabega makubwa kuliko yako. Wewe umemwazima tu."

Na kweli, mabega ya koti lile yalipita mabega ya kijana kwa upana wa vidole vitatu kila upande. Hili ndilo kosa la vijana wengi, wala si la maskini peke yao. Hutazama rangi, hutazama mng'ao, huuliza bei, na kipimo hukiacha nyuma kabisa. Ilhali nguo ya bei ndogo inayomkaa mtu vema hupendeza kuliko nguo ya bei kubwa inayomning'inia. Yafaa basi kijana ajue vipimo vichache kabla hajatoa shilingi yake. Mshono wa bega sharti uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kola ya shati ikifungwa kifungo cha juu, vidole viwili viweze kupita baina yake na shingo, si zaidi. Mkono wa shati ufike kwenye kifundo cha mkono, nao uonekane kidogo chini ya mkono wa koti. Suruali ikae kiunoni yenyewe, na mshipi uwe wa kuisaidia tu, si wa kuikusanya kama mdomo wa gunia.

Mzee alimkopesha mwana wa nduguye shilingi 2,500, akaziandika katika daftari kwa tarehe, wakaenda pamoja Gikomba.

Wako watu wanaoona haya kusema kwamba wamevaa mitumba. Wako na wengine wanaosema mitumba imeua viwanda vya nguo vya Kenya, na hoja hiyo ina uzito wake, kwa maana watu wa Kisumu wangali wakikumbuka kiwanda cha KICOMI, na kile cha Rivatex cha Eldoret kilikaa miaka kabla ya kufunguliwa upya mwaka 2019. Lakini mwaka 2020, Serikali ilipozuia mitumba isiingie nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilionekana wazi ni watu wangapi huvaa na kula kutokana na marobota hayo. Karani mwenye shilingi 2,500 hana budi kwenda pale penye nguo za shilingi 2,500.

Gikomba yataka macho. Robota linapofunguliwa nguo nzuri hutolewa kwanza, nazo wauzaji huziita kamera. Zile za mwisho, zilizokwisha kuchaguliwa na kila mtu, huitwa fagia. Aendaye mapema huona kamera, na achelewaye hupata bei rahisi. Mzee hakuharakisha. Kila nguo aliyoishika aliiinua kuelekea jua, maana tundu dogo lisiloonekana mezani huonekana mara moja kwenye mwanga. Kisha akatazama kwapa, kola kwa ndani, na pale mapaja yanaposuguana, kwa sababu nguo huanza kufa mahali hapo. Akapandisha zipu na kuishusha mara tatu. Mwisho akakunja upindo wa suruali kuona kama kitambaa kimebaki ndani cha kutosha kuiongezea urefu.

Shati moja lilimtia shaka. Kwa idhini ya muuzaji alivuta uzi mmoja uliokuwa umelegea ndani ya mshono, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa sufu hutoa harufu ya nywele zinazoungua. Wa poliesta huyeyuka na kuwa kijitone kigumu. Ule uliyeyuka. Mzee akalirudisha shati, akasema, "Hili litakutoa jasho katika matatu kabla hujafika kazini."

Walinunua suruali moja ya kijivu kwa shilingi 450, na mashati matatu ya pamba, jeupe na mawili ya buluu hafifu, kwa shilingi 200 kila moja. Kijana alitamani moja jekundu lenye maua. Mzee hakumkataza, alimwuliza tu atalivaa na suruali ipi. Suruali ya ile suti ilikuwa nzuri, kwa hiyo alikuwa na suruali mbili na mashati matatu, na kwa kuwa kila shati lilipatana na kila suruali, alipata namna sita za kuvaa, juma zima la kazi na siku moja zaidi.

Viatu viliachwa mpaka alasiri, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana, na kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana jioni. Mzee alitafuta ngozi yenye kufanya makunyanzi madogo inapobonyezwa kwa kidole gumba, na soli iliyoshonwa, si iliyogandishwa kwa gundi tu. Wakapata jozi moja nyeusi, isiyo na ncha, kwa shilingi 1,100. Soksi jozi tatu zilikuwa shilingi 100.

Zilizobaki, shilingi 250, zilikuwa za fundi cherehani, na hizo ndizo zilizozaa faida kubwa kuliko zote. Fundi alipunguza kiuno cha suruali ya kijivu, akapandisha pindo za zote mbili, akabana mashati mbavuni. Alipoonyeshwa lile koti la buluu alitikisa kichwa. Mkono wa koti hupunguzwa kwa urahisi, alisema, lakini kulipunguza bega ni kulifumua koti zima na kulishona upya, na gharama yake haikustahili kitambaa kile.

Kijana akauliza kama afadhali angejishonea suti ya Kaunda, ile yenye jina la Rais wa kwanza wa Zambia, kwa kuwa haihitaji tai. Fundi alikuwa tayari kumpima. Mzee akamkumbusha kwamba vazi hilo, ingawa huvaliwa na wakubwa, Spika wa Bunge la Taifa alilikataza Bungeni mnamo Novemba 2023, na kwamba karani mpya yampasa kutazama kwanza wakubwa wa afisi yake huvaaje kabla ya kujitengenezea la pekee.

Matunzo ndiyo yaliyokuwa magumu zaidi kwa kijana, maana nyumbani alizoea kufuliwa na dada yake. Nguo zote za mitumba alizifua kabla ya kuzivaa. Alifundishwa kufua mashati yamegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na kuyaanika kivulini yasipauke. Pasi alipiga jioni, umeme usije ukakatika asubuhi. Viatu vikilowa alivijaza magazeti ya zamani na kuviacha vikauke vyenyewe, mbali na jiko, kwa kuwa moto huipasua ngozi.

Mwisho wa mwezi mshahara ulipoingia alilipa shilingi 1,000 katika lile deni, na mzee akazifuta katika daftari mbele yake. Nyingine alizituma Murang'a kwa karo ya dada yake. Koti la buluu alilichukua mwenyewe alipokwenda nyumbani, akiwa amekosa mnunuzi. Baba yake akalijaribu, likamtosha mabegani kana kwamba alipimwa, na Jumapili hiyo alilivaa kanisani.