Msimu wa Kwanza wa Bustani, na Haki ya Msimu wa Pili



Si ajabu siku hizi kumwona mtu wa mjini, ambaye hajashika jembe tangu alipoacha shule, akiomba kipande cha ardhi alime mboga. Yuko mstaafu, yuko mama anayetaka kupunguza gharama za sokoni, yuko kijana aliyechoka kubisha hodi maofisini. Wengi wao hawana ardhi yao wenyewe. Hulima penye ardhi iliyolala: bondeni, kando ya barabara, chini ya nyaya za umeme, au katika kiwanja cha mtu ambaye bado hajajenga. Nataka tumfikirie mtu huyo, na hasa swali ambalo aghalabu humjia akiwa amekwisha kutoa jasho: je, msimu ujao atakuwapo hapo?

Msimu wa kwanza ni shule, na ada yake hulipwa kwa mboga zilizokufa. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Anayeanza huzimwaga mahali pamoja, zikaota zimesongamana na kunyang'anyana mwanga; mzoefu huzichanganya kwanza na mchanga mkavu. Samadi ya kuku ikitiwa ingali mbichi huunguza miche. Nyanya zilizokuzwa katika mvua nzito za masika hupatwa na ukungu, majani yakageuka meusi kwa siku chache tu. Sota hukata miche usiku, na asubuhi mtu hudhani ni mkono wa jirani (najua ugomvi mmoja uliofika kwa mwenyekiti wa jumuiya kwa sababu ya mdudu huyo). Mambo haya mtu huyajua barabara kwa kuyapitia. Kwa hiyo tusiharakishe kusema kwamba watu wa mjini ni wavivu au hawawezi kilimo. Wamelipa ada, na ada hiyo ina faida endapo mwanafunzi ataruhusiwa kurudi darasani.

Tazama jinsi muda unavyoamua kinachopandwa. Mchicha hung'olewa wiki tatu au nne baada ya kusiwa. Nyanya hutaka miezi mitatu au zaidi tangu kitaluni. Mboji huchukua miezi kadhaa kuiva, na udongo huilipa fadhila hiyo polepole, mwaka baada ya mwaka. Tena nyanya, biringanya, nyanya chungu na pilipili ni za jamaa moja na huachiana magonjwa udongoni, hivyo hazifai kufuatana katika tuta moja. Kuzibadilisha vema kwahitaji mpango wa miaka miwili au mitatu. Sasa pita katika mabonde ya Dar es Salaam. Utaona tuta baada ya tuta la mchicha, matembele na chainizi. Ni kweli kwamba mboga za majani hunyauka upesi na hivyo hulimwa karibu na walaji. Lakini sababu hiyo haitoshi. Mtu anayeweza kuondolewa kesho hupanda kinacholiwa mwezi huu. Wala hachimbi kisima mahali asipo na uhakika napo. Humwagilia maji yaliyo karibu, hata yakiwa ya mto kama Msimbazi, uliopokea taka za viwanda na za majumbani kwa miaka mingi. Baadaye sisi walaji twamlaumu kwa uchafu wa mboga zake.

Mstaafu mmoja aliruhusiwa kwa mdomo kulima kiwanja kilichojaa magugu. Msimu wa kwanza alivuna kidogo sana. Msimu wa pili nyanya zake zilikuwa zimechanua vizuri pale lori liliposhusha mchanga wa kujengea juu yake. Mwenye kiwanja hakumtukana; alimwambia tu kwamba mafundi wanaanza Jumatatu. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na fidia, na mzee hakujua hata pa kulalamikia.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, twasoma habari za Nabothi na mfalme Ahabu. Twawakumbuka sana mashahidi wa uongo na mawe, twasahau mboga. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, apate kulifanya bustani ya mboga. Bustani iliyo karibu na nyumba ni kitu cha thamani. Mfalme mwenyewe aliitamani hata akasusa chakula. Nabothi alikuwa na urithi wa baba zake wa kuutetea. Mkulima wetu wa bondeni hana hata huo.

Hapa Tanzania watu wa mijini wamepata kuhimizwa kulima. Katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974 na 1975, baada ya ukame na upungufu wa chakula, kila kipande cha ardhi kilitakiwa kilimwe. Kuhimizwa ni jambo jema, ila hakumpi mtu haki ya kubaki alipolima.

Uingereza walilazimika kulitungia jambo hili sheria. Maskini wa vijijini walikuwa wamepoteza ardhi za pamoja zilipozungushiwa uzio na wenye mali, na wengi walihamia mijini. Sheria ya mwaka 1908 ilizitaka halmashauri kutoa vipande vya bustani palipo na wahitaji. Kipimo cha kawaida cha kipande ni kama mita za mraba 250, yaani sehemu ya kumi na sita ya ekari. Sheria ya mwaka 1925 ilizuia halmashauri kuuza ardhi iliyonunuliwa kwa kazi hiyo bila kibali cha Waziri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vipande hivyo vilizidi milioni moja. Mwaka 1950 muda wa taarifa ya kumwondoa mkulima, kwa kawaida, ukafanywa miezi 12, tena taarifa hiyo isiishe kati ya tarehe 6 Aprili na 29 Septemba, mboga zikiwa bado shambani. Aliyetunga kifungu hicho alijua maana ya kuwa na nyanya zilizochanua.

Nayaandika haya kwa viongozi wa walei kwa sababu baadhi ya parokia zetu nazo zina viwanja vilivyolala, vikingojea ukumbi au shule itakayojengwa siku fedha zitakapopatikana. Hoja ninayoisikia ni kwamba ukimpa mtu karatasi, utapoteza ardhi. Siikubali. Ruhusa ya mdomo ndiyo inayozaa madai, kwa kuwa kila upande huikumbuka kwa namna yake. Karatasi moja yatosha: mipaka ya kipande, misimu isiyopungua minne, miezi sita ya taarifa ambayo haiishi mazao yakiwa shambani, fidia ya mazao endapo ujenzi utaharakishwa, na maji safi yatoke wapi na bili ilipwe na nani. Halmashauri ya Walei yaweza kuiandika katika kikao kimoja na kugawa vipande kabla ya mvua za vuli, ikianza na wale waliokwisha kulipa ada ya msimu wa kwanza mahali pengine wakaondolewa.