Chaki Mkononi, Mtaala Darwin

Katika elimu ya wenyeji asilia wa Australia, kugawana chaki kumekuwa rahisi kuliko kugawana mtaala. Shule za vijiji vya mbali vya Northern Territory zimewaajiri Waaborijini kwa miongo mingi, aghalabu wakiwa wasaidizi wa darasani, huku uamuzi wa nini kifundishwe na kwa lugha gani ukibaki Darwin, kwenye makao ya serikali ya eneo hilo. Mamlaka hayo ndiyo uongozi wa kitaaluma. Asiyekuwa nayo, hata akipewa cheo, ni tarishi wa nyaraka.

Ushahidi uko Yirrkala, kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land. Elimu ya lugha mbili ilipoanza Northern Territory mwaka 1973, chini ya serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam, ilihitaji walimu wanaozijua lugha za wanafunzi. Chuo cha Batchelor, kilichofunza walimu wenyeji, kikawafuata wanachuo vijijini kwao. Mandawuy Yunupingu, anayejulikana zaidi kama mwimbaji wa bendi ya Yothu Yindi, alipata shahada ya elimu mwaka 1988, na mwaka 1990 akawa mwalimu mkuu wa shule ya Yirrkala. Yeye na wenzake Wayolngu, wenyeji asilia wa eneo hilo, waliujenga mtaala juu ya dhana ya ganma: pale maji ya chumvi yakutanapo na maji baridi, yakachanganyika bila upande mmoja kuumeza mwingine.

Wapinzani wa elimu ya lugha mbili husema Kiingereza ndicho mlango wa ajira na chuo kikuu. Kweli, na wazazi wa Yirrkala wanakitaka. Lakini Oktoba 2008 serikali ya Northern Territory iliagiza saa 4 za kwanza za masomo kila siku ziwe za Kiingereza. Yirrkala haikuiacha lugha yake, na mwaka 2020 wanafunzi wake 8 wakawa wa kwanza kijijini hapo kupata alama za kuwaingiza chuo kikuu. Shule moja haithibitishi kila kitu, ila inatosha kuonyesha kwamba lugha ya mama haikuufunga mlango huo.

Wengine husema wenyeji wenye sifa ni wachache. Uchache huo una chanzo: anayetakiwa kuacha watoto, wazee na wajibu wa kimila kwa miaka kadhaa ili asomee mjini, mara nyingi hubaki nyumbani. Dawa yake ni kupeleka chuo kijijini, kisha kumwachia mhitimu madaraka kamili. Kipimo cha madaraka hayo ni kimoja: waraka kama ule wa 2008 ukija tena, mwalimu mkuu wa kijijini ana haki ya kuukataa?