Moto Ukiwaka Usiku, Mtatokea Wapi?



Mwezi huu tuzungumze juu ya moto. Siyo moto wa jikoni, wala moto wa shambani. Ni moto wa nyumba, unaowaka usiku watu wakiwa wamelala.

Fikiria nyumba hii. Huenda ni yako, huenda ni ya jirani yako. Ipo kando ya barabara ya kijiji. Mbele kuna duka. Dukani kuna sabuni, chumvi, viberiti na dumu la mafuta ya taa. Pengine kuna na chupa za petroli za kuwauzia vijana wa pikipiki. Nyuma ya duka kuna vyumba viwili. Humo wanalala mwenye duka, mkewe, watoto wanne na bibi yao. Mlango wa mbele una kufuli mbili. Madirisha yana nondo zilizojengewa ukutani. Mlango wa uani umezibwa na magunia ya mahindi.

Sasa moto unaanza dukani saa nane za usiku. Watu hawa saba watatokea wapi?

Mambo haya yametokea. Mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, bweni la wavulana lilichomwa moto usiku. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Wanafunzi 67 walikufa. Hapa Tanzania, mwaka 1994, moto wa bweni katika sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana wapatao 40.

Watu wengi hudhani kuwa mtu katika moto huuawa na miale. Mara nyingi anayeua ni moshi. Moshi una sumu. Ukiuvuta kidogo tu unalegea, akili inapotea, unaanguka. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Lakini moshi hupanda juu kwanza. Hewa nzuri hubaki chini, karibu na sakafu. Kwa hiyo usisimame wala usikimbie ndani ya moshi. Tambaa kama mtoto mchanga mpaka mlangoni. Kabla ya kufungua mlango wa chumba, uguse kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue. Moto upo upande wa pili. Tafuta njia nyingine.

Ndiyo sababu nyumba lazima iwe na njia mbili za kutokea, zilizo pande mbalimbali. Nyumba ya nyasi au makuti ndiyo inayohitaji zaidi, maana paa lake huteketea kwa dakika chache.

Najua utasema nini. Utasema, "Nikitoa nondo, wezi wataingia." Hilo ni neno la kweli. Mwizi yupo, nasi hatusemi ulale mlango wazi. Lakini yapo mambo mawili. Kwanza, funga mlango kwa komeo la ndani, linalofunguka kwa mkono mmoja. Kama ni lazima kufuli, ufunguo ukae msumarini karibu na mlango, kila usiku, mahali pale pale. Usikae mfukoni mwa baba, wala chini ya mto. Pili, fundi wa kuchomea vyuma anaweza kutengeneza nondo za dirisha moja zenye bawaba, zifunguke kwa ndani. Gharama ipo. Nayo si kubwa kama gharama ya nyumba.

Jambo baya kuliko yote ni kumfungia mtu kwa nje. Wapo wazazi wanaokwenda msibani au ngomani usiku, wakafunga watoto ndani kwa kufuli na kuacha kibatari kinawaka. Wanasema wanawalinda. Usifanye hivyo hata kwa saa moja.

Sasa kaeni pamoja, wakubwa na watoto, mpange. Nani atambeba mtoto mchanga? Nani atamshika bibi mkono? Mtu mmoja mwenye nguvu apewe kazi hiyo kwa jina, siyo "mtu yeyote". Kazi ya kila mtu ni ya hakuna mtu. Kisha chagueni mahali pa kukutania nje, mbali na nyumba, kama vile chini ya mwembe. Mkifika hapo, mhesabiane. Watu wamewahi kufa kwa kurudi ndani kumtafuta mtoto ambaye alikwisha toka zamani, yupo kwa jirani. Ukitoka, usirudi. Redio, godoro na fedha viache.

Mwenye duka, petroli na mafuta ya taa yasikae katika nyumba ya kulala watu. Jenga kibanda mbali kidogo. Weka na ndoo ya mchanga. Petroli ikiwaka usiimwagie maji. Itaelea juu ya maji na kwenda nayo. Mwagia mchanga, na moto ukikushinda, kimbia.

Piga kelele, jirani waje. Ukiwa Tanzania piga simu namba 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hulipi kitu. Lakini gari lao huenda likatoka mjini, na njia ni ndefu. Mpaka lifike, mtakuwa mmekwisha toka au hamkutoka.

Mpango wa maneno tu hautoshi. Jaribuni usiku mmoja, taa zikiwa zimezimwa. Mtu apige kelele "Moto!" Kila mtu atambae mpaka nje, mhesabiane chini ya mwembe. Watoto watacheka, waacheni wacheke. Angalieni ni nani aliyechelewa, na ni kitu gani kilichomzuia. Kama ni yale magunia ya mahindi, yahamisheni usiku huo huo kabla ya kulala.